Taiti Rasmi ya Mtaa wa Ain Louz

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mshono unaofumuka, uzi mmoja ukiachia, kisha wa pili, kisha zote kwa pamoja, krrrat, na baada yake wanaume watano wakitazama dari. Nguo nilikuwa nimeivaa mimi. Kamati ilikuwa imeshonesha kielelezo cha vazi rasmi la mazoezi ya Pilates, na kwa kuwa mimi, karani, ndiye niliyekuwa mwanamke pekee chumbani, niliombwa nikivae na kusimama mbele ya meza. Nilisimama. Nikauliza kama nichuchumae. Mwenyekiti wetu, Si Lazhar Bouzgarrou, hilo 'Si' kwetu likiwa ndilo 'Bwana', akasema, "Kusimama kunatosha, binti yangu. Vazi la heshima huonekana mtu akiwa wima." Basi nikaketi ili niandike kumbukumbu za kikao, na hapo ndipo sauti iliposikika. Niliandika nikiwa nimejifunga koti kiunoni: kielelezo kimepitishwa kwa kauli moja. Huo ni mwandiko wangu. Nimeurudia kuusoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Wakati huo ukumbi wa mazoezi wa Jumba la Wanawake ulikuwa na miezi miwili tangu ufungwe. Kabla ya hapo Sondes, mwalimu kijana, alikuwa akiwafundisha Pilates wanawake thelathini wa mtaa wetu, mara mbili kwa wiki, wakitoka viwandani. Kazi yao ni kushona taiti za mazoezi za kupelekwa Ulaya, kutwa nzima, shingo zimeinama. Wao wenyewe walifanya mazoezi na pajama, zile pana za pamba zenye picha za dubu na mioyo, kwa sababu ndizo zinazovaliwa nyumbani na ndizo walizokuwa nazo. Siku moja wageni walipitishwa ukumbini, wakaona dubu, wakatabasamu. Si Lazhar hakutabasamu. Jioni ileile aliufunga ukumbi hadi kamati itakapochagua vazi rasmi, na ufunguo akaniagiza niutunze kwenye droo yangu.

Tangu jioni hiyo sasa ni miezi kumi na minne. Sondes amepata kazi katika hoteli moja ya mji wa Sousse na anatakiwa aanze Jumatatu. Aliwaambia wanawake kwamba ukumbi ukifunguliwa Jumamosi hii, siku ya uzinduzi wa vazi rasmi, atabaki, usipofunguliwa, ataondoka. Ndiyo maana walijaa kwenye ukumbi wa mikutano, unaopakana ukuta na ule wa mazoezi.

Hotuba nilipewa ikiwa imeshachapwa, kurasa kumi na mbili, na makofi yakiwa yameandikwa tayari ndani ya mabano, mahali kumi na saba. Kazi yangu ilikuwa kuifuata kwa macho na kuweka alama kila yanapotokea. Nilimuuliza Si Lazhar nifanye nini yasipotokea. "Andika kilichotokea," alisema bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

Nimefanya hivyo, ndani ya mabano.

*

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa Gavana, ambaye naambiwa yuko njiani. Mheshimiwa naibu wa mwakilishi, ambaye yuko pamoja na aliye njiani. Waheshimiwa madiwani wa sasa, wa zamani na wanaotarajia. Mkuu wa posta. Daktari wa mifugo wa wilaya, ambaye hatujawahi kumwalika na hajawahi kukosa. Wamiliki wa viwanda, popote walipo. Wanahabari, yaani Si Ridha na kamera yake. Akina mama, akina dada, na nyinyi wanawake wa mtaa wa Ain Louz mlioketi nyuma kwa mapenzi yenu wenyewe: naomba nihesabu kwamba kila mtu ametajwa kwa cheo chake, na kama kuna niliyemruka, basi nitamrudia mwishoni, kwa hiyo asiondoke.

(Makofi. Yalitoka kwa daktari wa mifugo. Kwenye kiti cha mwakilishi palikuwa na begi la daktari huyo.)

Ndugu washiriki, ninaposimama mbele yenu katika alasiri hii ambayo historia ilikuwa ikiisubiri, nikiwa na shada dogo la jasmini nyuma ya sikio langu kama baba zetu walivyofanya katika siku za furaha, najisikia mwenye deni la maelezo, kwani ni wachache miongoni mwa watumishi wa umma wanaobahatika kulisimamia jambo moja tangu hatua ya wazo, likapita hatua ya dhana, likaingia hatua ya rasimu ya dhana, likarudishwa kwa marekebisho, hadi kufikia hatua hii tuliyonayo leo, ambayo katika lugha ya kitaalamu tunaiita hatua ya kuelekea hatua.

(Makofi yaliyopangwa hayakutokea. Khalti Mbarka, mkaguzi wa mwisho wa laini namba nne kiwandani, ambaye mtaa mzima humwita Khalti kana kwamba ni mama mdogo wa kila mtu, alimuuliza jirani yake: "Kasema anafungua?"

"Bado anasalimia.")

Pilates, ndugu zangu, ni nini? Swali hili tulijiuliza katika kikao cha kwanza, tukajiuliza tena katika kikao cha nne, na kikosi kazi nilichokiunda kwa mamlaka niliyonayo kilileta jibu lenye kurasa thelathini na nane, ambalo kwa ufupi linasema kwamba Pilates ni taaluma mtambuka inayohusika na uti wa mgongo, ambao kwa mujibu wa upembuzi yakinifu tulioufanya unapatikana mgongoni, na kwamba mtu hawezi kuushughulikia uti huo kwa tija, kwa ufanisi na kwa kuzingatia taswira ya wilaya, akiwa amevaa dubu.

(Kicheko. Hakikupangwa. Mwanamke mmoja alisema: "Dubu wangu amenivumilia kuliko kamati." Si Lazhar alingoja akidhani ni makofi.)

Asanteni. Sambamba na hilo, na ili tusije tukasemwa kwamba tumewaamulia wananchi bila kuwashirikisha, tulisambaza madodoso mia mbili kwa walengwa, yakarudi kumi na moja, na uchambuzi wa kina ulionyesha kwamba kati ya wale ambao hawakujibu, asilimia mia moja hawakuwa na pingamizi lolote, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa na mradi wowote wa mavazi katika mkoa huu, na ambacho mimi binafsi, bila ya kujisifu, nakihusisha na uongozi.

(Sondes, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na mkoba wake wa safari begani, alisema: "Madodoso yaliletwa kiwandani saa za kazi, Si Lazhar. Mikono yao ilikuwa kwenye mashine."

"Maswali ni mwishoni, binti yangu."

"Si swali.")

Tukaingia sasa kwenye usanifu. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kutenda, niliongoza mwenyewe uchaguzi wa vigezo, nikaelekeza kwamba vazi liwe na heshima, liwe na utambulisho, liwe na uimara wa kuhimili miaka saba ya matumizi ya serikali, na kwa msingi huo likazaliwa Toleo la Kwanza, suruali na koti vya kitambaa kizito cha kijivu, chenye kola, chenye mfuko wa kalamu kifuani, chenye nembo ya wilaya, na chenye safu ya vifungo vinane vya shaba ambavyo, baada ya mjadala mrefu, tuliamua vipite katikati ya mgongo ili visiharibu mwonekano wa mbele wakati wa kupiga picha.

(Makofi hayakutokea. Minong'ono tu.

"Mgongoni?"

"Kasema mgongoni."

"Si ndiko tunakolalia?"

"Unajiviringisha kimoja kimoja, unahesabu kama tasbihi.")

(Sondes alisema, kwa sauti ya darasani, ile isiyopanda: "Si Lazhar, sisi hulala chali. Tunainuka pingili moja moja, tunarudi chini pingili moja moja. Nguo ikiwa na kifungo, zipu au hata mshono mnene pale, mtu hafikirii tena mgongo wake, anafikiria kifungo. Na kola itamkaba. Na kalamu ni ya nini?"

"Ya kuandikia, binti yangu.")

Mrejesho huo tunaupokea, na ninafurahi kusema kwamba kamati iliuona kabla haujatolewa, kwani Toleo la Kwanza lilijaribiwa kwa mafanikio makubwa na mtumishi wetu mmoja wa kike, akiwa amesimama, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba halikuonyesha kasoro yoyote.

(Hapa nilitakiwa kuweka alama ya makofi. Naandika badala yake kwamba mtumishi huyo ni mimi, kwamba lilifumuka nilipoketi, na kwamba kumbukumbu zile si za kweli. Kisha niliinuka nikampelekea Sondes glasi ya maji, maana alikuwa amesimama muda mrefu na joto lilikuwa kali. Tulikuwa ukurasa wa nne.)

Hata hivyo, ndugu washiriki, kiongozi asiyejikosoa ni kiongozi wa jana, na mimi ni wa leo. Kwa hiyo niliunda kamati ndogo ndani ya kamati, nikaiteua iwe chini yangu, nikaipa hadidu za rejea, nayo ikaniomba mimi mwenyewe nifanye ziara ya mafunzo ya nje ya ofisi ili nikajionee wenyeji wa Ulaya wanavaa nini wanapolala chini, kwani haiwezekani wilaya inayotajwa kila mahali kwa nguo iwe nyuma katika suala la nguo.

(Khalti Mbarka: "Alikwenda Ulaya lini? Kila siku nilikuwa namwona pale mkahawani."

"Kasema nje ya ofisi.")

(Safu ya mwisho, wanawake sita, iliinuka na kutoka. Si Lazhar alisita, mmoja wao akaonyesha upande wa choo, naye akawaitikia kwa kichwa, kwa ukarimu.)

Na kutoka katika ziara hiyo, kwa gharama ya jasho langu, nimerejea na hiki ninachokitoa sasa ndani ya mfuko huu, hiki ambacho tutakiita Toleo la Pili, au, kama mwakilishi wa Gavana ataridhia akifika, Toleo la Mwisho: taiti halisi ya kimataifa, ya rangi ya zambarau iliyokolea, nyepesi, yenye mkanda mpana, ambayo ndiyo dira, ndiyo mwelekeo, ndiyo jibu.

(Wanawake hawakuwa wakimtazama yeye. Viti vilisogea mbele. Walikuwa wakiitazama ile taiti kama watu wanaotazama kazi.

"Mshono bapa, umeona. Hauchomi pajani."

"Mkanda unapanda hadi kitovuni. Ukiinua miguu hauteremki, na hausongi tumbo."

"Ina kipande cha pembe nne pale kati. Hiyo haipasuki."

"Zambarau ni nzuri. Haionyeshi jasho kama kijivu, haikusanyi nyuzi kama nyeusi."

"Na mtu unapendeza.")

(Makofi. Machache, ya kweli. Nimeyawekea alama.)

Naona mmeguswa. Na kwa kuwa uwazi ndio nguzo ya utawala wangu, namruhusu mwakilishi mmoja wa umma, yule mama pale, aje akiguse kielelezo hiki kwa niaba ya wote, kwa uangalifu, maana ni kimoja tu.

(Yule mama alikuwa Khalti Mbarka. Alikuja polepole. Aliipokea taiti, akaingiza ngumi ndani kwenye paja, akaivuta kuelekea dirishani kuona kama mwanga unapita. Haukupita. Akainua kichwa kidogo, ameridhika. Akaigeuza ndani nje, akatafuta chini ya lebo kwa kidole gumba bila kutazama, na kidole kikasimama.

"Hii ni yangu," alisema.

"Ni ya kila mmoja wetu, mama. Ndiyo maana ya mradi wa umma."

"Hapana, mwanangu. Hii nimeikagua mimi. Laini namba nne." Aliwaonyesha waliokuwa karibu fundo dogo la uzi wa kijani. "Kila mkaguzi ana rangi yake, ili kosa likirudi lijulikane ni la nani. Kijani ni mimi. Nakumbuka hata rangi hii, tuliishona majira ya baridi, mwaka juzi ule mwingine."

"Basi ni fahari kwamba bidhaa yetu imefika Ulaya."

"Imefika. Imevaliwa. Imerudi." Aliinusa. "Tazama magoti yamelegea. La kushoto zaidi. Huyo aliyeivaa alikuwa anaegemea kushoto, masikini, hakuwa na mwalimu. Na hivi vitundu viwili hapa kiunoni ni vya pini ya Hamadi wa mitumba, yeye hubandika kikaratasi hapa hapa. Belo lake lilifunguliwa wiki iliyopita. Nilikuwepo."

Si Ridha alishusha kamera. Hakuna aliyecheka. Nadhani walikuwa wakifikiria safari ya ile nguo.)

Hilo, ndugu washiriki, bila ya kutarajia, linathibitisha ile dhana ya uchumi wa mzunguko ambayo nilikuwa nimeihifadhi kwa ajili ya ukurasa wa kumi, lakini kwa kuwa umma umeifikia kabla, basi nitauruka ukurasa wa kumi, na ninaomba mama akirudishe kielelezo mezani.

("Nitaishika," alisema Khalti Mbarka. Hakurudi kwenye kiti chake mara moja. "Si Lazhar, mimi nitasema kidogo, halafu wewe uendelee. Shingo yangu hii ilikuwa haigeuki. Miaka ishirini na sita ya kuinama. Kwa Sondes ikageuka. Nikamwona mjukuu wangu amekaa nyuma yangu kwenye gari, bila kuteremka. Ulipofunga, ikarudi. Sasa mtu akiniita kwa nyuma nageuka mwili mzima kama kabati."

"Tunachukua maoni hayo, mama."

"Chukua. Lakini sisi hatukuomba nguo. Nguo tunajua wenyewe kuchagua, ndiyo kazi yetu, na kwa Hamadi zipo. Tuliomba ufunguo."

"Ufunguo ni suala la utekelezaji. Leo tuko kwenye uzinduzi."

"Haya," alisema Khalti Mbarka. Akageuka, mwili mzima, akaenda na taiti mkononi. Hakurudi kwenye kiti. Alitoka.)

(Safu ya pili kutoka mwisho ilikwenda kuiangalia safu ya mwisho. Sondes hakuwepo tena mlangoni. Glasi ilikuwa chini, tupu.)

Tuendelee. Ahadi, ndugu washiriki, ni jambo zito, na ndiyo maana mimi huzitoa kwa awamu. Katika awamu ya kwanza, itakayoanza mara tu baada ya awamu ya maandalizi, kila mwanamke wa Ain Louz aliyetimiza masharti atapatiwa taiti mbili za viwango vya kimataifa, fulana ndefu kiasi isiyomporomokea usoni anapoinua miguu, sidiria ya mazoezi yenye kamba pana zisizokata mabega, na soksi zenye chembe za mpira chini ili asiteleze, vyote hivyo katika rangi tatu zitakazopigiwa kura, na hapa napenda niweke wazi kwamba mambo haya ya fulana na soksi hayakuibwa popote bali yaliletwa kwa maandishi na mwalimu Sondes mwaka jana, katika barua ambayo niliifanyia kazi kwa kuitunza.

(Makofi: daktari wa mifugo.)

Katika awamu ya pili kutakuwa na ukaguzi wa namna vazi linavyovaliwa, ambapo maofisa sita watapata mafunzo maalumu. Katika awamu ya tatu kutakuwa na tathmini ya ukaguzi. Na ifikapo awamu ya nne tutakuwa, kwa makadirio yangu ya chini kabisa, tumeongeza unyumbufu wa wananchi kwa asilimia mia na nne, hali ambayo itavutia wawekezaji, itapunguza malalamiko ya mgongo ambayo yamekuwa yakichafua takwimu zetu, na itaiweka wilaya hii mahali ambapo wilaya nyingine zitalazimika kuinua shingo ili kuiona, kama wanayo shingo ya kuinua.

(Safu mbili zaidi zilitoka. Mmoja aliyepita karibu na meza yangu alikuwa ameshavua viatu na kuvishika mkononi. Chini ya jiba lake, lile vazi pana la kutokea nje, ilionekana pindo la pajama. Lilikuwa na dubu.)

Mwenyekiti wenu, na hapa najizungumzia mimi, hajalala usingizi wa kutosha kwa ajili ya vazi hili. Wapo waliosema, kwa nini msifungue tu ukumbi watu wakavaa walichonacho. Ndugu zangu, hivyo ndivyo mataifa yanavyopotea. Leo mtu atavaa pajama, kesho atavaa taiti ya mitumba iliyomkaa vizuri, keshokutwa ataona kwamba hahitaji kamati, na mimi nawauliza, kwa uchungu wa mzazi, baada ya hapo tutakuwa tumebaki na nini?

(Hapa palikuwa na mahali pa ukumbi kujibu. Waliobaki walikuwa daktari wa mifugo, mkuu wa posta aliyekuwa amesinzia, Si Ridha, na mimi. Kutoka nyuma ya ukuta wa kushoto, upande wa ukumbi wa mazoezi, ilisikika pumzi. Ilikuwa ndefu, ya watu wengi waliovuta hewa pamoja na kuiachia pamoja, taratibu, mpaka mwisho kabisa, kama wanavyofundishwa. Ikanyamaza. Ikaja tena. Sikuwa nimeisikia kwa miezi kumi na minne.)

Nasikia hisia zenu. Karani, andika: umma ulishusha pumzi.

(Umma ulishusha pumzi.)

Na sasa, kabla sijafunga, tuimarishe ari kwa kaulimbiu tatu ambazo zitachapwa kwenye mabango. Nikisema Kiuno, mtasema Imara. Kiuno.

("Imara," alisema daktari wa mifugo.)

Nikisema Mgongo, mtasema Rasmi. Mgongo.

(Pumzi, ukutani.)

Nikisema Vazi Kwanza, mtasema Mazoezi Baadaye. Vazi Kwanza.

(Ukutani, sauti ya Sondes: "Na chini, pingili moja moja. Khalti, shingo ndefu. Hivyo hivyo.")

Nafunga sasa kwa shukrani, ambazo ni nyingi. Nawashukuru wajumbe wenzangu wa kamati, ambao hawakuweza kufika. Namshukuru mwakilishi wa Gavana kwa kuendelea kuwa njiani. Namshukuru binamu yangu, fundi wa suti, kwa kulishona Toleo la Kwanza kwa moyo mmoja na kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya ofisi yetu. Na kwa namna ya pekee namshukuru mkuu wa Idara inayotusimamia, ambaye jana asubuhi, nilipompigia simu kumkumbusha juu ya mchango wake katika Mradi wa Vazi Rasmi, alitafuta kwa subira katika madaftari yake yote na kunijulisha kwamba hakuna mradi wenye jina hilo uliowahi kuombwa, kusajiliwa wala kupokelewa, wala agizo lolote la kuufunga ukumbi kwa ajili yake, na kwamba ndiyo kwanza anausikia. Jambo ambalo, ndugu washiriki, badala ya kutuvunja moyo linatupa fursa adimu ya kuuanzisha sasa upya, tukiwa tayari na uzoefu wa miezi kumi na minne ambao hakuna mradi mpya uliowahi kuwa nao. Katika kipindi hicho cha maandalizi ukumbi utaendelea kufungwa, ili kulinda mafanikio yaliyopatikana. Nawatakia alasiri njema. Sharubati ya ndimu iko nje, kwa wenye kadi.

(Makofi. Daktari wa mifugo, na mkuu wa posta, aliyezinduka.)

*

Aliposhuka jukwaani Si Lazhar alijifuta jasho na kuniuliza makofi yalifika mangapi. Nilimwambia manne, pamoja na yale ya taiti. Alitazama viti vitupu na kusema kwamba ukumbi ulikuwa umetulia sana, kwamba kwa muda mrefu hajaona nidhamu ya namna ile. Aliuliza kielelezo kiko wapi. Nilimwambia kiko kwenye majaribio.

"Akiwa amesimama?"

"Akiwa amelala chali, Si Lazhar."

Jasmini nyuma ya sikio lake ilikuwa imenyauka kwa joto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo kuliko ya hotuba, ni nani yuko nyuma ya ule ukuta, na kama ufunguo wa ukumbi uko mahali pake. La kwanza sikulijibu, maana pumzi ilikuwa ikija tena na yeye mwenyewe alikuwa akiisikia. Kwa la pili nilimpeleka mezani kwangu, nikafungua droo, nikamwonyesha. Aliushika, akaugeuza, akasoma kile kikaratasi alichokiandika mwenyewe, akaurudisha taratibu.

Kumbukumbu hizi nimezisaini na kuzipeleka Idarani, mabano yote yakiwemo, pamoja na zile za kielelezo cha kwanza, nilizozisahihisha kwa wino mwekundu. Sondes amepiga simu Sousse kuwaambia wasimsubiri. Ufunguo uko kwenye droo yangu, kama nilivyoagizwa. Nakala yake niliichongesha Alhamisi, kwa fundi anayekaa mkabala na Hamadi, na iko kwa Sondes tangu ile glasi ya maji ya ukurasa wa nne.